Ua Ndani ya Barua

"Soma hapa, Siwema. Macho yangu leo yana ukungu."

Jumbe Shomari alimnyooshea binti yake karatasi iliyokunjwa mara nne. Siwema aliiona tu, akaijua. Ufagio ukamponyoka mkononi.

Juu ya ngazi, fundi Abdala alikuwa amesimamisha kazi ya kuezeka, kuti mkononi, shingo ameirefusha asipitwe na neno. Ni yeye aliyeichomoa karatasi ile kwenye kona ya baraza, palipooza makuti, akampa mwenye nyumba kwa adabu zote. Laiti angeiacha ianguke na takataka nyingine! Konani pale ndipo shangazi Mwanamvua alipokuwa akichomeka barua za Zahoro kila alipokuja kumsalimia kaka yake, na Siwema huzichukua asubuhi akifagia. Hii alikuwa hajaichukua. Hata kuisoma alikuwa hajaisoma.

"Baba, labda ni karatasi ya zamani tu."

"Ya zamani haing'ari hivyo. Soma."

Abdala alishuka akamsogezea Jumbe kiti. Jumbe akakikataa kwa mkono. Alisimama palepale, kubadhi la mguu wa kulia limegandamana na sakafu, hasogei mbele wala nyuma.

Siwema akafungua karatasi. Mwandiko ni ule ule, wa haraka, wa mtu aliyezoea kusema na umati. Zahoro wa Sofu alikuwa mtu wa chama. Mwaka ule wa 1956 alikuwa akizunguka Uzaramo nzima kwa baiskeli, akiwaambia watu kwamba majumbe ni masikio ya mzungu, na hata mapenzi aliyaandika kwa sauti ya mkutano wa hadhara. Kutaja jina la mpenzi wake hakuthubutu. Jumbe Shomari angemwoza Siwema kwa fisi kabla ya kumwoza kwa Zahoro.

"'Nimechoka kujificha,'" Siwema alianza. "'Ijumaa ya kwanza baada ya Idi nakuja Kibuta na watu wangu, mchana kweupe. Nita...'"

Akakwama.

Hapa msomaji nikuambie jambo. Enzi hizo waliopita chuo cha Kurani waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Herufi nzuri, hakuna ubishi, ila o na u hubebwa na alama ile ile moja, na msomaji ndiye anayechagua kwa kufuata maana. Kwa kawaida haina tabu. Mtu akikuandikia amekunywa uji, hutasoma amekunywa oji. Lakini yako maneno mawili ambayo Mola aliyaweka karibu mno, na Zahoro, katika moto wake, alikuwa ameliandika mojawapo.

"Nita nini?" baba aliuliza.

Moyo wa Siwema ulikuwa umeshasoma. Nitakuoa! Neno alilolingoja tangu siku walipoonana arusini Mzenga, leo limekuja, na limemkuta mbele ya baba yake na fundi makuti. Akilitamka, nani ataulizwa anaolewa? Jumbe? Katika nyumba ile mwanamke asiye na mume alikuwa mmoja tu. Aliiona aibu ile yote kwa mpigo: binti wa Jumbe, mlezi wake shangazi, mhitimu wa msahafu, anapokea barua za wanaume chini ya makuti.

"Siwema! Nita nini?"

"Nitakuua," alisema.

"Rudia."

"'Nitakuua mbele ya watu wote. Asiyetaka, na akae ndani afunge mlango wake. Zahoro wa Sofu.'"

Abdala akashika mdomo. Jumbe Shomari alimtazama binti yake muda mrefu, kisha akapumua kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Abdala, umesikia?"

"Nimesikia, Jumbe."

"Basi kesho utayasema hayo Kisarawe. Tarishi! Tarishi yuko wapi?"

*

"Umesoma nini, wewe mtoto?"

Shangazi Mwanamvua alimkuta jikoni, kainamia chungu kisichokuwa na kitu.

"Shangazi, niliona haya."

"Haya! Zahoro kafungwa kamba leo asubuhi kwao Sofu kama mwizi wa kuku, mama yake anaona, wewe unaniambia haya! Mimi sijui kusoma, nimezibeba barua zile kutoka Kibaha jua likinichoma utosi, nikidhani nabeba ndoa. Kumbe nabeba kitanzi."

"Nilidhani baba ataichana tu, iishe."

"Jumbe anayechukiwa na watu wa chama, aambiwe atauawa na mtu wa chama, halafu achane karatasi? Wewe umemzaa baba yako au yeye ndiye aliyekuzaa? Humjui?"

Siwema akalia. Mwanamvua hakumbembeleza, akakoleza moto kwa hasira mpaka moshi ukajaa jiko zima.

"Liwali atakuita usome mbele ya baraza," alisema mwishoni. "Baba yako kashaniambia, anajivunia. 'Binti yangu kahitimu msahafu.' Basi ukaisome ilivyoandikwa. Umenisikia?"

"Nimesikia, shangazi."

"Apa."

"Wallahi, shangazi. Nitaisoma ilivyo."

*

Siku ya kesi Kisarawe ilijaa. Watu wa chama walikuja na mashati meupe, wazee wa vijiji wakaja na bakora zao, wanawake wakasimama pembeni wamejifunika kanga mpaka puani. Liwali alikaa mezani. Karani Husseini, kijana mwenye miwani, akaisoma barua kama Siwema alivyoisoma, na neno lile alilipigia mkazo mpaka watu wakaguna.

"Zahoro bin Mashaka," Liwali alisema, "barua hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Ulimwandikia Jumbe Shomari?"

Zahoro hakujibu. Alikuwa amekonda kwa zile siku chache za mahabusu, lakini kichwa hakukiinamisha.

"Nakuuliza. Uliiandika kwa nani?"

"Bwana Liwali, niliiandika mimi, mkono wangu. Sina zaidi."

"Neno hili lina ubishi. Watu wako wanasema huenda karani kasoma vibaya. Basi tumwite yule aliyeisoma mwanzo. Binti Shomari!"

Siwema alipita katikati ya watu. Akafika mezani, karani akamwekea karatasi mbele, na kwa mara ya kwanza tangu arusi ile ya Mzenga akawa karibu na Zahoro kiasi cha kumgusa.

"Usiogope, mwanangu," Liwali alimwambia. "Soma neno hili hapa, watu wote wasikie."

Aliliangalia neno. Akasikia nyuma yake wanawake wakinong'ona, akasikia kikohozi cha baba yake. Akafungua kinywa. Alikuwa anakwenda kulisema, naapa alikuwa anakwenda kulisema, lakini kanga ikamteleza kichwani, akaishika kwa mikono miwili, na uso wote ukamwiva kwa haya.

Zahoro alimwona. Alimwona binti aliyekuwa anataka kuzama ardhini, na hakuweza kulistahimili.

"Imeandikwa nitakuua," alisema kwa sauti kubwa. "Msimsumbue mtoto wa watu. Nimeandika mimi, najua nilichoandika."

Baraza lilipasuka kwa kelele. Mzee mmoja wa chama alivua kofia yake akaitupa chini. Siwema aligeuka kumtazama Zahoro, na Zahoro akamtazama mara moja tu, kisha akaangalia ukuta.

Alihukumiwa mwaka mmoja na kazi ngumu. Siwema alirudi Kibuta hajatamka hata neno moja.

*

Usidhani mambo yaliishia hapo. Jumbe Shomari alisifiwa na Bwana Shauri, mzungu wa wilaya, kwa ushupavu wake, akapewa joho jipya lenye nakshi. Chama nacho kikamkana Zahoro: sisi tunadai haki, walisema, hatuui wazee. Watoto wakatunga wimbo wa kuchezea, Zahoro muuaji, Zahoro muuaji, na Siwema aliusikia kila alipokwenda kisimani. Chakula kikamshinda. Nguo zikaanza kumpwaya.

"Nampeleka mtoto kwa mganga," Mwanamvua alimwambia kaka yake.

Jumbe aliwatazama wote wawili, akaitikia kwa kichwa. Hakuuliza mganga gani.

Mganga mwenyewe alikuwa Sofu. Walilala Kisarawe kwa jamaa, kesho yake wakapanda lori hadi Kibaha, na jua likiwa limepanda wakaifikia nyumba ya Bi Mwanne, mama yake Zahoro. Mama huyo alikuwa amekaa mlangoni na sinia la vitumbua. Sinia limejaa pomoni, vitumbua vimepoa, na barabarani watu walikuwa wanapita.

"Shikamoo, mama," Siwema alisema.

"Marahaba, mwanangu. Unataka vya senti ngapi?"

"Tumekuja kukujulia hali tu."

Bi Mwanne aliwaangalia kwa mashaka, kisha akacheka kicheko kikavu.

"Wa kunijulia hali wamekuwa adimu. Wanasema vitumbua vyangu vina damu. Mwanangu kuku tu hawezi kumchinja, hugeuza uso, namchinja mimi mwanamke, kisha nasema kachinjwa na mwanamume. Leo muuaji! Karibuni ndani. Mnatoka wapi?"

"Huko bara kidogo," Mwanamvua alisema haraka.

"Kuna anayejua kusoma kati yenu? Mwanangu kaniletea barua kutoka kifungoni, mwezi sasa imekaa. Mwalimu wa chuo kakataa kunisomea. Anaogopa."

Mwanamvua alimtazama Siwema. Siwema alipokea barua, akakaa kwenye mkeka.

"'Mama yangu, nakusalimu,'" alisoma. "'Mimi mzima. Uji wa huku ni mwepesi, ukiinama unajiona. Usiuze mbuzi kwa ajili yangu.'"

Bi Mwanne alifuta macho kwa ncha ya kanga. "Haya, endelea."

Siwema aliupitisha macho mstari uliofuata. Akakunja midomo.

"'Nisalimie majirani wote. Wassalaam.' Basi, mama. Imeishia hapo."

"Karatasi yote hiyo, maneno hayo tu?"

"Mwandiko wake mkubwa."

Waliaga. Walifika mpaka kwenye mnazi wa njiani, Siwema akasimama.

"Shangazi, nimefanya tena."

"Nimeona. Mimi sijui herufi, lakini uso najua kuusoma."

Siwema aligeuka akarudi mbio. Alimkuta Bi Mwanne angali mlangoni, barua mkononi, anaigeuzageuza.

"Mama, nipe. Sikuisoma yote." Akaichukua, akapiga magoti palepale nje, penye wapita njia. "'Watu wakikuuliza neno nililoandika, usibishane nao. Yuko mtu mmoja tu anayejua kulisoma. Akinyamaza, mama, usimlaani. Anaona haya, na haya hiyo ndiyo iliyonifanya nimpende.'"

Bi Mwanne akauliza polepole, "Na mtu huyo ni nani?"

"Mimi, mama. Mimi ni binti wa Jumbe Shomari. Barua ilikuwa yangu. Iliandikwa nitakuoa."

Siwema alitegemea kofi. Alilitaka hata. Lakini Bi Mwanne aliinua sinia lake, akaliingiza ndani, akarudi akasimama juu ya yule binti aliyepiga magoti.

"Mwanangu kasema nisikulaani, basi sikulaani. Ila hapa kwangu usinililie. Mimi nilijua mwanangu si wa kuua hata kabla hujaja. Nenda ukalisome pale ulipolisomea."

*

Liwali alifika Kibuta mwezi uliofuata, kuhimiza kodi na kilimo cha mihogo. Watu wakajaa mbele ya nyumba ya Jumbe. Jumbe Shomari alikaa mkono wa kulia wa Liwali, joho limemkaa vizuri, na chini ya baraza wakaketi wakulima, miongoni mwao watu wa chama waliokuja kuuliza maswali.

Liwali alipomaliza, akasema, "Kuna mwenye neno?"

"Mimi ninalo, Bwana Liwali."

Sauti ya mwanamke! Vichwa vyote viligeuka. Siwema alikuwa amesimama penye mlango na kikapu kidogo cha ukindu, kanga yake ameifunga kwa nguvu chini ya kidevu.

"Siwema, ingia ndani," Jumbe alisema.

"Nitaingia, baba. Kwanza nisome."

"Usome nini?"

"Barua za Zahoro. Ile mliyomfungia ilikuwa ya mwisho. Hizi ni za kabla yake. Zote ni zangu."

Jumbe aliinuka nusu, Liwali akamshika mkono.

"Mwache. Soma, binti."

Alichomoa ya kwanza.

"'Mpenzi wangu, juzi nilihutubia Mzenga. Watu wamesema simba amenguruma. Hawakuyaona magoti yangu ndani ya kanzu, yalikuwa yanagongana. Ukiniuliza kama nawaogopa polisi, nitakwambia nawaogopa, tena sana.'"

Mtu mmoja wa chama akacheka kwa mshangao, akajiziba mdomo.

"'Hotuba ya Kisarawe nimeijaribu mbele ya mbuzi wa mama. Majike walinisikiliza vizuri. Beberu aliondoka kabla sijamaliza. Natamani na yule beberu mwingine angefanya vivyo hivyo.'"

Hapo uwanja mzima ulilipuka kwa kicheko. Hata Liwali aliangalia chini, akakohoa kikohozi cha uongo. Siwema hakucheka. Machozi yalikuwa yanamtiririka na aliendelea kusoma, barua baada ya barua, mambo ya siri ya mtu mzima anayependa: anaogopa giza la msitu wa Pugu, alilia baiskeli ilipoibwa, kila akitamka uhuru jukwaani moyoni hutanguliza jina la mpenzi wake. Kicheko kikapungua, kikaisha. Wanawake walianza kujifuta macho.

"Ile ya mwisho," Siwema alisema, "anayo karani. Neno lenyewe naomba nilisome bila karatasi. Aliandika nitakuoa. Nitakuoa mbele ya watu wote. Baba aliponiuliza, nikasoma nitakuua."

"Kwa nini?" Liwali aliuliza.

"Niliona haya, bwana."

"Haya ya nini, hata mtu afungwe?"

"Ya kujulikana kwamba ninapendwa."

Jumbe Shomari alisimama. "Umenivua nguo, Siwema. Mbele ya watu ninaowaongoza."

"Nimevua zangu, baba. Zako sijazigusa."

Ajabu, Jumbe hakumkemea. Aliingia ndani akawaacha wageni barazani.

*

Shauri likapelekwa kwa Bwana Shauri, likazungushwa, likarudishwa, na Zahoro akafunguliwa kabla mwaka haujatimia. Siwema na shangazi yake walimngoja Kisarawe chini ya boma. Alitoka amebeba kifurushi, kichwa kimenyolewa.

"Shikamoo, shangazi," alimsalimu Mwanamvua. Siwema hakumsalimu.

"Marahaba, baba. Pole. Mimi nakwenda kutafuta maji ya kunywa," Mwanamvua alisema, na kiu hakuwa nayo.

Wakabaki wawili.

"Zahoro, nisamehe."

"Siku za mwanzo mle ndani nilikuchukia," Zahoro alisema. "Sikufichi. Nilikuwa nikiponda mawe naliona jiwe lina uso wako."

"Ni haki yako."

"Kisha nikakumbuka ulivyoishika ile kanga. Chuki ikanishinda. Nimesikia umezisoma barua zangu."

"Nimezisoma."

"Zote?"

"Zote."

"Na ya magoti?"

"Na ya magoti."

"Na ya mbuzi?"

Siwema aliinamisha kichwa. "Na ya mbuzi."

"Lahaula!" Zahoro alijishika kichwa chake kisicho na nywele, akazunguka mahali pamoja. "Siwema, kosa la kwanza nilishalisamehe kitambo. Hili la pili ndilo gumu. Askari wa zamu ananifungulia lango, ananiambia kwaheri, Zahoro Magoti! Uzaramo nzima inaniita Magoti! Nitasimamaje tena jukwaani?"

"Wazee wa chama walikuja Kibuta. Wanasema urudi. Wanasema mtu anayeogopa kama wao halafu anasimama, huyo ndiye wanayemtaka."

"Wamesema hivyo?"

"Kwa vinywa vyao. Na waliokukana wanakuonea haya, hawajui watakutazamaje."

Zahoro alikaa juu ya jiwe. Aibu na kicheko vilikuwa vinagombana usoni mwake, na kicheko kikaanza kushinda.

"Tumekuwa sawa, basi. Mimi ulinifunga, na mbele ya watu tumevuana nguo wote wawili. Ila barua yangu hukunijibu."

"Niliijibu mbele ya Liwali."

"Mimi sikuwapo."

"Basi nikujibu sasa," Siwema alisema. "Njoo. Mchana kweupe."

Zahoro alimtazama, macho yakamlowa. Kisha kama mtu aliyekumbuka kitu, akauliza, "Na ua ulilipata?"

"Ua gani?"

"Asumini. Nilikichuma kikonyo kwa mama, nikakikunja ndani ya ile barua."

"Halikuwamo."

"Labda lilidondoka fundi alipoichomoa."

"Labda," Siwema alisema.

*

Wazee wa Sofu walikuja na posa siku ya Ijumaa, barua imefungwa katika leso nyeupe pamoja na kilemba cha baba. Walikaribishwa barazani, chini ya makuti mapya ya Abdala. Jumbe Shomari aliipokea leso, akaomba radhi, akaingia nayo ndani. Tangu siku ile ya Liwali alikuwa hajalivaa joho tena, na yeye na binti yake walizungumza kwa maneno ya lazima tu.

Alimkuta chumbani. Akamnyooshea karatasi.

"Soma, Siwema. Macho yangu..."

"Soma mwenyewe, baba."

Jumbe alisita. Akaikunjua barua, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akasoma bila kukwama popote: salamu, ukoo, sifa za kijana. "'...anaomba kumuoa binti yenu Siwema.'" Neno lile alilitamka sawasawa, o ikiwa o.

Siwema alimwangalia.

"Macho yako hayana ukungu."

"Hayana."

"Na siku ile?"

Jumbe aliikunja karatasi mara mbili, akaikunjua, akaikunja tena.

"Baba, kabla hujaniita kutoka kufagia, uliifungua ile barua?"

Mzee alitazama chini, kwenye mguu wake wa kulia. Siwema akafuata macho yake, na hapo akakumbuka kiti kilichokataliwa, na kubadhi lililogandamana na sakafu kana kwamba limepigwa msumari.

"Zahoro anasema mle ndani ya barua mlikuwa na ua."

"Ua nililiona, mwanangu," Jumbe Shomari alisema. "Lilikuwa la asumini. Nikalikanyaga."

"Ulijua."

"Mtu anayekwenda kuua haweki asumini. Nilisoma nitakuoa, nikaogopa kuliko kuuawa. Nikajiambia, nimpe yeye asome. Akisema oa, nitajua nimeshashindwa. Akisema ua, basi si mimi niliyesema. Ulipolisema, nilishukuru. Nimekuacha na mzigo huo kisimani, jikoni, mbele ya Liwali. Nilikuona unakonda."

Muda wote huo Siwema alidhani aibu ile ni yake peke yake. Alitaka kupiga kelele, na alitaka kumshika baba yake mkono. Hakufanya lolote kati ya hayo. Nje mmoja wa wazee wa Sofu alikohoa.

"Wageni wanangoja, baba. Katoke ukawajibu."

Jumbe Shomari alitoka barazani. Kabla hajaketi alivua makubadhi yake yote mawili, akayaweka kando, akakaa mbele ya wageni miguu mitupu.

"Binti yangu ataolewa," alisema.

Sauti ilikuwa ndogo mno, wazee wakasogeza masikio, wakamwomba arudie. Akarudia.